KUNUKA NA KUNUKIA: ASILI YA NENO "MANUKATO"

(Haya ni mazungumzo ya bibi mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wa kisomo na baadaye mwalimu wa kisomo, mbele ya wahitimu wa elimu ya watu wazima wa Pasua, Moshi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya neno moja. Ninyi wenyewe ndio mlioomba. Juzi katika darasa lenu mlibishana. Mmoja alisema, "Maua haya yananuka." Mwingine akamwambia, "Acha hiyo, sema yananukia." Wa tatu akauliza, "Kama ni yananukia, kwa nini tunasema manukato, hatusemi manukio?" Mwalimu wenu akacheka, akasema, "Mwiteni bibi. Neno hilo liliwahi kumtoa machozi."

Amesema kweli. Basi kaeni vizuri, nianze na machozi, halafu nije kwenye maana.

BARUA YANGU YA KWANZA

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nchi nzima ikaanza kusoma. Wengine walisoma chini ya miembe, wengine kanisani, wengine msikitini, wengine darasani jioni watoto wakishatoka. Mimi niliingia kisomo mwaka 1974. Nilikuwa mama mdogo mwenye mtoto mmoja mgongoni. Mume wangu alikuwa kazini Tanga, kwenye mkonge. Barua zake zilikuwa zinasomwa na watu wengine, na siri zangu zikawa zinajulikana na mtaa mzima. Hiyo ndiyo iliyonipeleka kisomo. Nilitaka kusoma barua zangu mwenyewe.

Baada ya miezi kadhaa nikaweza kuandika. Siku moja mama mkwe wangu, aliyekuwa akikaa huko juu kihambani, akaniletea chupa ya samli. Alimtuma mtoto. Samli ile ilikuwa nzuri ajabu. Nilipoifungua, nyumba nzima ilijaa harufu yake. Nikasema moyoni, leo nitamwonyesha mama kwamba mkwe wake anajua kuandika. Nikachukua karatasi, nikaandika hivi:

"Mama shikamoo. Samli nimepata. Inanuka nyumba nzima. Hata majirani wanauliza. Asante mama."

Nikaikunja vizuri, nikampa mtoto yule yule aipeleke.

Sasa sikilizeni. Mama mkwe hakujua kusoma. Akamwita mjukuu wake wa shule amsomee. Siku hiyo walikuwapo wageni, wamekaa uani wanakunywa mbege. Mtoto akasoma kwa sauti, kama alivyofundishwa shuleni: "Samli nimepata. Inanuka nyumba nzima. Hata majirani wanauliza."

Watu wakanyamaza. Mama akainuka, akaingia ndani.

Mimi huku chini sikujua lolote. Nilikuwa nasubiri sifa. Zikapita wiki, hakuna salamu. Ukapita mwezi, hakuna maziwa. Wakati huo nilikuwa na mimba ya pili. Ninyi mnajua desturi ya kwetu. Mwanamke akijifungua, mama mkwe ndiye humtunza. Humpikia mtori, humwosha mtoto, naye mzazi hukaa ndani apate nguvu. Mimi nilijifungua, na mama hakuja. Nilijipikia mtori mwenyewe siku ya nne, natetemeka. Nililia. Nilijiuliza nimekosa nini, sikupata jibu.

Nilikuwa nimekosa herufi moja. Niliacha "i".

NUKA NA NUKIA

Hebu tuyaangalie maneno haya mawili. Andikeni kwenye madaftari yenu:

NUKA
NUKIA

Neno la kwanza ni kutoa harufu. Siku hizi mtu akisema tu "kinanuka", bila kuongeza neno lolote, wote tunaelewa kwamba ni harufu mbaya. Choo kinanuka. Samaki aliyelala ananuka. Soksi zinanuka. Ni kweli unaweza kusema "inanuka vizuri", na watu watakuelewa. Lakini ukiliacha neno peke yake, limekwenda upande wa ubaya.

Neno la pili ni kutoa harufu nzuri. Pilau linanukia. Mchele wa Kyela unanukia. Mtoto aliyeogeshwa ananukia. Huhitaji kuongeza "vizuri". Uzuri umo ndani ya neno lenyewe.

Je, uzuri huo umeingiaje? Umeingia kwa hiyo "i" ndogo. Tazameni maneno mengine:

Pika, pikia.
Hama, hamia.
Lia, lilia.
Soma, somea.
Leta, letea.

Mnaona? Ukisema "napika", umetaja kazi tu. Ukisema "nampikia mgeni", kazi ile imepata mtu wa kuelekea. Ukisema "amehama Pasua", ametuacha. Ukisema "amehamia Pasua", amekuja kwetu. Sehemu hiyo ndogo huonyesha kwamba jambo linamwelekea mtu, au mahali, au linafanywa kwa ajili ya mtu. Huwa "i" ikiwa sauti ya kabla yake ni a, i au u. Huwa "e" ikiwa sauti ya kabla yake ni e au o. Ndiyo maana ni pikia, lakini ni somea.

Sasa rudini kwenye neno letu. "Nuka" ni kutoa harufu tu, ikienda itakakokwenda. "Nukia" ni harufu inayomwelekea mtu. Inakuja kwako, inakufikia, inakupendeza. Ndivyo ninavyolielewa mimi neno hili. Kitu kinachonukia ni kama kinachotoa zawadi.

Wala msidhani Kiswahili kimefanya hivi peke yake. Neno "nuka" ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Wazulu wa Afrika Kusini nao husema "nuka". Wakikuyu wa Kenya husema "nunga". Washona wa Zimbabwe husema "kunhuwa" kwa kunuka vibaya, na "kunhuwirira" kwa kunukia. Mmeona? Nao wameongeza sehemu kwenye neno lile lile la kunuka, wakapata neno la harufu nzuri. Watu hawa wako mbali na sisi, wala hawakuja kusoma Pasua. Ni undugu wa lugha.

Hata neno "nusa" ni ndugu wa "nuka". Pua hunusa kile kinachonuka au kinachonukia. Wazee wetu wa ugoro wanalijua neno hili vizuri sana.

KIMENUKA NA KINANUKIA

Watu wameyachukua maneno haya mawili wakayapeleka mbali zaidi ya pua.

Vijana wa leo wakisema "Kimenuka!", mnajua kuna nini. Ugomvi umezuka. Polisi wamefika sokoni. Mke amekuta ujumbe katika simu ya mume. Hapo hakuna harufu yoyote, lakini jambo limeharibika kama nyama ya jana.

Lakini magazeti yakiandika "Ubingwa wanukia", maana yake ubingwa uko karibu. Tukisema "harusi inanukia", harusi haijafika, lakini tumeanza kuisikia. Ni kama unaporudi shamba na njaa yako. Bado hujafika nyumbani, hujaona chungu, lakini unajua mama amekwisha kaanga vitunguu. Harufu imekuja kukupokea njiani.

Kuna watu husema pia "vita vinanukia". Hapo jambo si zuri, lakini linatuelekea. Kwa hiyo mnaona ile maana ya kuelekea bado imo ndani ya neno hata pale uzuri unapokosekana.

MANUKATO: SILABI ILIYOSAHAULIKA

Sasa lile swali la tatu. Kwa nini tunasema manukato?

Nilipokuwa mwalimu wa kisomo nililitafuta jibu hili kwa muda mrefu. Nililipata kwa Mwingereza mmoja wa zamani aliyeitwa Edward Steere. Huyu alikuwa askofu kule Unguja. Ndiye aliyejenga kanisa kubwa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Alikufa mwaka 1882. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, kwa kuwasikiliza watu wenyewe wakisema.

Katika kitabu hicho ameeleza kwamba Kiswahili kilikuwa na silabi ndogo, "to", iliyowekwa mwishoni mwa neno. Maana yake ni wema, au kufanya jambo kama inavyopasa. Akatoa mifano. Kuweka ni kuweka tu. "Kuwekato" ni kuweka vizuri, mahali pake. Na "manuka" ni harufu tu. "Manukato" ni harufu nzuri.

Basi, neno letu ni hili:

MA + NUKA + TO

Ma ya wingi. Nuka ya harufu. To ya wema. Harufu zilizo njema. Ndiyo manukato.

Steere aliandika kwamba hata wakati huo silabi hiyo ilikuwa haitumiki sana Unguja. Leo ukimwambia mtoto wako "wekato vikombe", atakushangaa. Silabi imekufa vinywani mwetu, lakini imebaki ndani ya manukato, kama punje iliyosahaulika katika mfuko wa shati. Kila unapotamka manukato unasema Kiswahili cha mababu bila kujua.

Sasa mnaona kwamba lugha yetu ilifanya jambo lile lile kwa njia mbili. Ilichukua neno la kawaida, nuka, ambalo linaweza kuwa baya. Ikaongeza "i", ikapata nukia. Ikaongeza "to", ikapata manukato. Hakuna neno jipya lililobuniwa kutoka mbali. Uzuri ulikuja kwa kuongeza sehemu ndogo tu. Na ukiisahau sehemu hiyo ndogo, unarudi kwenye uvundo. Muulizeni mama mkwe wangu.

MANENO YALIYOKUJA NA MAJAHAZI

Lakini mtasema, "Bibi, mbona dukani tunasema marashi?" Ni kweli. Tuna maneno mengi ya harufu nzuri, na mengi yalikuja na majahazi. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukileta majahazi pwani yetu kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Upepo wa kusi uliyarudisha. Yalileta bidhaa, na bidhaa zilikuja na majina yake.

MARASHI. Neno hili limetoka katika neno la Kiarabu la kunyunyiza. Marashi asili yake ni kitu cha kunyunyizwa, hasa maji ya waridi. Chupa yake ndefu yenye shingo nyembamba, ya fedha au ya shaba, inaitwa mrashi. Huko Oman, katika milima ya Jebel Akhdar, wakulima huchuma mawaridi kila mwaka karibu na mwezi wa Aprili, wakayachemsha na kukusanya mvuke wake uwe maji ya waridi. Ni milima mirefu yenye baridi na mashamba ya ngazi. Mchaga akifika huko atajisikia nyumbani kidogo.

UDI. Kwa Kiarabu ni kijiti au ubao tu. Ni mti unaochomwa ili moshi wake ufukize nguo na nyumba. Na kile chombo cha nyuzi cha taarabu kinaitwa udi pia. Neno ni moja: mti wa kunukia, na mti wa kupigwa uimbe.

UTURI. Hili nalo ni la Kiarabu. Ni mafuta ya kunukia, au mchanganyiko wa vitu vya kunukia.

RIHA. Neno hili wengi wa bara hatulitumii, lakini ni zuri. Riha ni harufu nzuri, nyepesi, ile inayopita ikaenda zake. Kwa Kiarabu ni ndugu wa neno la upepo. Na ukoo wake ndio ukoo wa neno mrehani, mmea ule wa majani ya kunukia. Basi ukitaka neno la manukato mepesi yanayoletwa na upepo, sema riha.

UBANI. Ni utomvu wa mti unaoota Somalia na Oman. Huchomwa misikitini na makanisani. Lakini tazameni neno hili lilivyokua. Msiba ukitokea, tunachanga, tunasema tunatoa ubani. Pesa hizo hazinukii, shilingi ni shilingi tu. Lakini neno la harufu nzuri limekuwa neno la kumfariji mfiwa.

Je, ni aibu kuazima maneno? Hata kidogo. Jirani huazima chumvi kwa jirani. Ubaya ni kusahau kwamba na wewe jikoni kwako una kitu. Tulikuwa na manukato yetu kabla ya chupa ya dukani.

Na wengine wameazima kwetu. Huko pwani ya Kenya na Tanzania kuna mti uitwao mkilua. Ua lake ni kilua, lina harufu kali nzuri, na wanawake wa pwani hulipenda. Mwaka 1970, mwaka ule ule wa elimu ya watu wazima, mtaalamu wa mimea wa Uingereza aitwaye Bernard Verdcourt aliupa mti huo jina la kisayansi. Akauita *Mkilua fragrans*. Neno la kwanza ni Kiswahili chetu. La pili ni Kilatini, maana yake wenye kunukia. Leo mtaalamu wa Japani au wa Brazil akitaka kuuandika mti huo, sharti aandike "Mkilua".

Tena manukato si maneno tu, ni riziki. Karafuu zililetwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1800 kutoka visiwa vya mashariki ya Bukini, na Sultani Seyyid Said akazieneza sana. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta katika makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu ambavyo mtu mwingine angevitupa. Kikonyo kinaachwa na karafuu yake, lakini bado kina mafuta ndani. Mwenye elimu hakitupi.

HARUFU NA UVUNDO

Turudi hapa kwetu. Kuna maneno mengine mawili tuyaweke mahali pake.

HARUFU haina upande. Ndiyo maana ni lazima useme harufu nzuri au harufu mbaya. Ukimwandikia mtu "nguo zako zina harufu", umemwacha na wasiwasi.

UVUNDO ni harufu mbaya ya kitu kilichoharibika. Limetoka katika kuvunda, kuoza. Na kuna kuvundika. Sisi watu wa migomba tunalijua. Unavundika ndizi, unazifunika zipate joto, ziive. Ukizifungua kwa wakati wake, zinanukia. Ukizisahau siku kadhaa, ni uvundo. Ndizi ni zile zile. Kilichobadilika ni muda na uangalizi.

Hapa niseme neno moja la afya, maana mimi ni mwalimu wa kisomo, siwezi kujizuia. Manukato hayasafishi kitu. Mtu akijipulizia marashi juu ya jasho la siku mbili, amechanganya tu mambo mawili. Kidonda kinachotoa uvundo si cha kufichwa kwa poda. Kinatafutiwa mganga wa hospitali. Maji na sabuni kwanza, marashi baadaye. Pia ukikaa karibu na mgonjwa au mzee ambaye hawezi kujiosha, usizibe pua mbele yake. Mpe maji ya moto na taulo. Hapo umemfanya anukie, na heshima yake imerudi.

ISALE

Sasa nimalizie ile habari ya machozi.

Mtoto wangu alipofikisha mwezi mmoja, shangazi wa mume wangu alinitembelea. Nikamwambia, "Shangazi, mama amenikasirikia, wala sijui kosa langu." Akanijibu, "Mwanangu, hata usipojua kosa, omba radhi kwanza. Kosa litajitokeza lenyewe." Akakata isale kwenye ua wa mpaka, akaenda nalo kwa mama.

Vijana wa mjini labda hamjui. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Kwetu Wachaga ni mmea wa amani. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, ni vigumu sana akatae kukusamehe. Akikataa, yeye ndiye atakayeulizwa na watu.

Mama akalipokea. Halafu akaenda ndani, akatoa barua yangu. Alikuwa ameitunza miezi yote ile ndani ya kanga. Akasema, "Kosa lake ni hili hapa. Amesema samli yangu inanuka, na majirani wanalalamika."

Shangazi hakujua kusoma naye. Wakaichukua barua, wakashuka nayo wote wawili, wakaja mpaka kwangu, tukaenda wote watatu kwa mwalimu wangu wa kisomo. Mwalimu akaisoma. Akaniuliza, "Ulitaka kuandika nini?" Nikasema, "Nilitaka kuandika samli inanukia." Akachukua kalamu, akaongeza "i" moja, akasoma upya: "Samli nimepata. Inanukia nyumba nzima. Hata majirani wanauliza."

Mama akasema, "Rudia." Mwalimu akarudia. Mama akauliza, "Kumbe ni kijiti hicho kimoja tu?" Mwalimu akasema, "Ndiyo mama, na kitone juu yake."

Mama akakaa kimya. Halafu akaniambia, "Lete mtoto." Akambeba. Jioni ile hakurudi kihambani. Alikaa kwangu mpaka mtoto akaanza kushika kichwa chake vizuri.

Na yeye mwenyewe akajiandikisha kisomo. Alisema hataki tena kusomewa barua na mtoto. Mwaka 1975 tulifanya mtihani wa taifa siku moja, yeye kwenye benchi la mbele, mimi nyuma yake.

Miaka mingi baadaye nilijifunza jambo jingine juu ya isale. Wataalamu wa mimea wanaliita *Dracaena fragrans*. Mnalikumbuka neno hilo la mwisho? Ni lile lile la mkilua, lenye kunukia. Isale huchelewa kuchanua, lakini likichanua hutoa vishada vya maua meupe madogo, na usiku maua hayo hunukia sana. Mimi nilikuwa nimepita kando ya masale maisha yangu yote, nikijua majani yake tu.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, nimesema mengi. Mkikumbuka mambo matatu yanatosha.

La kwanza, someni barua zenu mara mbili kabla ya kuzituma. Leo mnatuma ujumbe kwa simu, vidole vinakimbia, herufi zinaachwa. Mtu wa upande wa pili haoni uso wako. Haoni kwamba unatabasamu. Anaona maandishi tu. "Chakula chako kinanuka" na "chakula chako kinanukia" vimetengana kwa herufi moja, lakini kimoja kinavunja nyumba na kingine kinaijenga.

La pili, ukisoma neno likakuumiza, uliza kabla ya kukasirika. Mama mkwe wangu alikuwa mtu mwema. Lakini aliiweka barua ndani ya kanga miezi kadhaa, na mimi nikajifungua peke yangu. Laiti angeuliza siku ile ile.

La tatu, kusanyeni maneno ya nyumbani. Hapa Pasua tumechanganyika. Kuna Wachaga wa Machame, Kibosho, Vunjo na Rombo. Kuna Wapare, Wasambaa, Wamasai, Wanyaturu. Kila mmoja ana neno la mama yake la kunuka na la kunukia. Waulizeni wazee wenu, myaandike. Huenda nako mkakuta sehemu ndogo iliyoongezwa, ikageuza ubaya kuwa wema.

Hapa chini hatuna kahawa, lakini wengi tuna kwetu huko juu. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, kahawa ikachanua, pandeni. Maua yale meupe yana harufu kama ya asumini, na hayakai zaidi ya siku mbili au tatu. Simameni katikati ya shamba, fumbeni macho. Halafu mkirudi, niandikieni sentensi moja tu juu ya harufu ile.

Lakini tafadhali, msisahau "i".



MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya "kunuka" na "kunukia"? Toa mifano mitatu ya kila neno.
2. Silabi "to" katika neno "manukato" ina maana gani?
3. Taja maneno matatu ya harufu nzuri yaliyotoka katika Kiarabu, na ueleze maana ya kila moja.
4. Kwa nini mama mkwe alikasirika? Nani angeweza kuzuia ugomvi ule, na kwa njia gani?
5. Katika lugha ya nyumbani kwenu, mnasemaje "kunuka" na "kunukia"? Yaandike maneno hayo mawili, uyalinganishe na ya wenzako.
6. Andika barua fupi ya kumshukuru mtu aliyekuletea chakula. Isome mara mbili, kisha mpe mwenzako aisome kwa sauti.